Ugali Uliotemwa Nyuma ya Banda la Kuku

Nilikuwa nauza supu ya kongoro pale Maili Moja wakati alipoanza kuja mwanamke mmoja wa makamo, mwenye miwani na begi la mgongoni. Siku tatu mfululizo aliagiza supu na chapati moja, akakaa kwenye benchi la pembeni, akaiacha supu ipoe. Alikuwa anawatazama wenzake wanavyokula. Dereva wa lori akinywa maji kabla hajamaliza tonge, aliandika kitu kwenye kidaftari. Mzee akijipigapiga kifua, aliandika. Siku ya tatu nikamfuata, kitambaa cha meza begani.

"Dada, kama umetumwa na watu wa afya, sema mapema. Maji ya kunawa yapo na sabuni ipo."

"Sijatumwa na mtu. Mimi nachunguza kumeza."

"Kumeza nini?"

"Kumeza tu. Wewe kaka, unajua unameza mara ngapi kwa siku?"

Sikujua. Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo nimechimba visima, nimepakia saruji, nimekaanga chipsi, nimelinda shamba la mananasi, nimeendesha bodaboda. Hakuna kazi niliyokaa nayo miaka miwili. Lakini katika kazi zote hizo hakuna aliyewahi kuniuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa kooni mwangu. Siku hiyo nilijaribu kuhesabu. Nilifika sitini na kitu, nikachanganyikiwa, na supu ya watu nikaitia chumvi mara mbili.

Kumbe alikuwa daktari. Alikuwa na ofisi ndogo pale Kibaha, na utafiti wake ulihusu kiungulia na watu wanaoshindwa kumeza. Kesho yake nilimngoja kwa hamu. Nikamuuliza kitu kilichoninyima raha: chakula kinaanguka tumboni, au kinasukumwa?

"Jaribu mwenyewe," akasema. "Ninginia kichwa chini, unywe maji."

Jioni nilikwenda uwanja wa mpira, nikakunja magoti juu ya mwamba wa goli, nikaninginia. Rafiki yangu akanishikia chupa na mrija. Wachezaji waliacha mpira wakaja kunizunguka.

"Oya, jamaa kageuka popo!"

"Mwacheni, supu imempanda kichwani."

Maji yalipanda. Niliyasikia yakipanda kifuani, taratibu, kana kwamba kuna mkono ndani unayakamua kwenda juu. Nilishuka pale macho mekundu, nikacheka peke yangu njia nzima. Nilikuwa na kitu hicho mwilini miaka yote na hakuna aliyenitambulisha kwacho.

Nilipompa habari, dokta aliniuliza kama nina pikipiki, na kama nazijua njia za Kisarawe. Pikipiki nilikuwa nayo. Njia za Mzenga, kata ya hukohuko, nilizijua kwa sababu nilichimba visima kule msimu mzima. Wiki iliyofuata nikamwachia mwenzangu sufuria za supu.

Alinieleza kazi yake tukiwa tumesimama chini ya bati la kituo cha mafuta, tukikimbia jua. Chakula kinashuka kwenye mrija unaoitwa umio. Chini kabisa, kabla ya tumbo, kuna mlango wa nyama. Ukimeza, unafunguka. Chakula kikipita, unafunga, ili asidi ya tumboni isipande. Mlango usipofunga vizuri, asidi inapanda na kuunguza kifua. Hicho ndicho kiungulia. Mlango usipofunguka, chakula kinabaki juu yake, na mtu anakonda akiwa amezungukwa na chakula.

"Ukijua shida iko upande gani wa mlango," alisema, "nusu ya kazi imekwisha."

Nusu hiyo ilitushinda mwezi mzima. Dokta alikuwa na karatasi ya maswali, na kila nyumba tuliyoingia majibu yalikuwa hapana. Unapata shida kumeza? Hapana. Unapata kiungulia? Hapana. Mama mmoja wa Mzenga, mkulima wa mihogo, mcheshi na mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde, alijibu hapana huku anafungua pindo la kanga, anatoa kibonge cha magadi, anakimung'unya.

"Mama, hayo magadi ya nini?"

"Ya kifua. Kinawaka waka kidogo."

"Si ndicho kiungulia?"

"Mwanangu, hicho nilicho nacho tangu mimba ya kwanza utakiitaje ugonjwa? Andika hapana."

Njiani nikamwambia dokta, "Ukiwauliza hivi hutapata kitu. Watu hawa wana shida, ila wameshaizoea. Tukae nao tule, tutaona."

Alicheka. Tulipofika kwenye lami akasema tubadilishe utaratibu. Ilimchukua wiki mbili kuomba ruhusa upya kwa wakubwa wake, lakini alirudi nayo, na kuanzia hapo tukawa tunakula kwa watu, baada ya kuwaeleza sababu. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu: matonge mangapi, maji mara ngapi, nani anainuka kabla ya wenzake. Kuandika mbele ya sinia ni utovu wa adabu, kwa hiyo nilibuni njia yangu. Niliweka punje za mahindi kwenye mfuko wa shati, na kila funda la maji la mtu ninayemhesabu nilihamishia punje moja mfuko wa suruali, kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiendelea na ugali. Nilinenepa.

Tulikuwa tunakula kwa yule mama wa magadi ndipo habari ya mfugaji mmoja ilipoanza. Mumewe, mtu mpole wa maneno machache, alikuwa anatuonyesha kwa kidole njia ya ng'ombe iliyopita pembezoni mwa mihogo yao kwenda lambo la maji. Mkewe akamkatiza.

"Usiwaambie nusu. Waambie alivyotema."

"Huenda alishikwa na kikohozi," mume akasema.

"Kikohozi gani kinachotafuta banda la kuku?"

Kisa kilikuwa hiki. Jirani yao mfugaji alitoka kaskazini na mifugo yake, akahamahama mara tatu kabla ya kufika pale. Ng'ombe wake waliingia kwenye mihogo. Mwenyekiti wa kitongoji akawapatanisha, fidia ikalipwa, na ili yaishe kabisa yule mama akapika kuku wa nazi na ugali wa muhogo, jirani akaalikwa. Alikula matonge mawili. Kisha akainuka bila kusema, akazunguka nyuma ya banda la kuku, na mama akamwona kwa macho yake anatema.

"Ugali wangu! Mbele ya kuku wangu! Anadhani nimemtilia sumu. Mtu anayekudhania mchawi utampitishaje shambani kwako?"

Tangu siku hiyo yule jirani hakugusa tena chakula cha mtu yeyote kijijini, na wote wakaona ni kiburi. Mwenyekiti alikuwa amewapa hadi mvua za vuli. Wasipopatana, njia ya lambo itafungwa, na bila njia hiyo mfugaji atalazimika kuhama mara ya nne.

Mimi na dokta tuliangaliana. Tukapanda pikipiki.

"Twende kwa huyo mtu," alisema nyuma ya sikio langu.

Tulimkuta ameegemea uzio wa zizi. Alikuwa mrefu, wa miaka hamsini na kitu, na mkanda wake ulifungwa kwenye tundu alilolitoboa mwenyewe kwa msumari, mbali sana na matundu ya kiwandani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti kavu. Mkewe alituletea wali na maziwa mgando. Mzee hakugusa wali.

"Huyu ni mtu wa maziwa tangu azaliwe," mkewe alisema. "Wafugaji ndivyo tulivyo."

Nikahamisha punje. Maziwa aliyanywa akiwa amesimama. Kila baada ya mafunda mawili matatu aliweka kibuyu chini, akanyoosha mgongo, akainua mabega, akaenda kuzunguka zizi.

"Mzee anafanya nini?" nikamnong'oneza mkewe.

"Anahesabu ng'ombe."

Kibuyu kile kimoja alikihesabia ng'ombe mara nne. Ng'ombe wenyewe walikuwa malishoni tangu asubuhi. Zizini kulikuwa na ndama mmoja, naye alikuwa amelala.

Aliporudi, dokta alimuuliza kwa upole kama chakula humrudia.

"Nani kakwambia kinarudi?"

"Sijaambiwa. Ninauliza."

"Basi na mimi niulize. Wewe unasema unasoma habari za kumeza. Ng'ombe anacheua mchana kutwa. Majani yanashuka, yanapanda, yanashuka tena. Mbona haungui kifua?"

"Sijui," dokta akasema. "Nikijua, nitarudi kukuambia."

"Wote niliowaendea walijua," mzee alisema. Mmoja alijua ni kiungulia, akampa vidonge vya miezi mitatu. Mwingine alijua ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Fundi huyo akakikata kwa kisu chake, shilingi zikaenda, damu ikatoka, chakula kikabaki palepale. Akapanua mdomo kutuonyesha. Kweli hakikuwepo. Changu pia hakipo. Kilikatwa nikiwa mtoto, kwa sababu ya kukohoa. Tulipanuliana midomo pale kama watu wanaolinganisha makovu ya vita, dokta akiinama huku na huku na tochi ya simu.

Nilitaka sana kurudi kwa yule mama siku ileile nikamwambie: si sumu, si kiburi, mtu hawezi kumeza. Dokta alinikataza kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Ugonjwa ni wa mwenyewe. Akitaka usemwe, atausema yeye. Ukifungua mdomo, unarudi kwenye supu." Haya ninayoyasimulia leo nayasimulia kwa sababu mwenyewe aliyasema baadaye mbele za watu, kama utakavyoona.

Alitimiza ahadi. Baada ya wiki moja tulirudi kwenye zizi lile na dokta akachora matumbo ya ng'ombe kwa kijiti, chini kwenye vumbi. Vyumba vinne. Majani yanayocheuliwa yanatoka vyumba vya mbele, akasema, na huko hakuna asidi. Asidi iko chumba cha nne, nyuma kabisa.

"Kinachopanda hakijafika kwenye asidi, kwa hiyo hakiunguzi."

Mfugaji alikichukua kijiti mkononi mwake. Vyumba vinne alivijua kuliko dokta, maana amechinja maisha yake yote, na alirekebisha mchoro mahali pawili. Kisha akabaki ameshika kijiti juu ya chumba cha kwanza.

"Basi na changu hakijafika," alisema polepole. "Kikirudi hakina uchachu. Kinarudi kama kilivyokwenda. Hata maziwa, yanarudi matamu."

Dokta aliweka kalamu chini. Nilikuwa nimemzoea kiasi cha kujua maana yake. Shida ilikuwa juu ya mlango: chakula kilikuwa kinarudi kabla ya kuingia tumboni.

Kilichobaki kilikuwa kipimo, na kipimo kilikuwa Kibaha: mrija mwembamba kama waya wa chaja, unaopitishwa puani hadi tumboni, unaopima umio unavyobana. Alipoelezwa, alicheka kwa mara ya kwanza.

"Puani? Dume likitiwa kamba puani ni kwa sababu limeshindikana. Mimi nimewakosea nini?"

"Mzee, nitaanza mimi," nikasema. Sikusema kwa wema. Nilikuwa nimeutamani ule mrija tangu siku ya kwanza.

Nilijuta ulipofika nyuma ya koo. Machozi na makamasi yalitoka, mzee akawa amesimama pembeni ananitazama kama anavyotazama ndama anayechanjwa. Lakini nilipomeza maji, niliona kwenye kioo cha mashine rangi ikishuka kwa mshazari, kutoka juu kwenda chini, kama maji yanavyofuata mfereji, na mstari mwekundu wa chini ukakatika kidogo kuyapisha. Mlango wangu. Niliomba nimeze tena. Nikaomba tena.

"Inatosha kaka," dokta alisema. "Kuna foleni."

Alipoketi mzee, hakutoa hata chozi. Akameza. Juu pakawaka rangi kidogo, katikati hakuna kilichotembea, na chini ule mstari mwekundu ukabaki vilevile. Akameza mara kumi. Mara kumi haukukatika.

"Nani ameufunga?" aliuliza.

"Hakuna aliyeufunga," dokta akajibu. "Mishipa ya fahamu inayouamuru ufunguke imekufa."

"Imeuawa na nini?"

"Hilo bado hatulijui. Ndiyo maana nafanya kazi hii."

Alikubali kwa kichwa. Nadhani angekasirika kama angejibiwa vingine. Dokta akamweleza yanayowezekana: kuna hospitali Dar wanakoweza kupitisha mpira mdogo mdomoni, ukajazwa hewa palepale mlangoni, mlango ukapanuliwa kwa nguvu. Mishipa haitafufuka. Kuna hatari ya kuchanika. Huenda ikabidi kurudia. Mzee aliuliza maswali yake yote, akarudia mawili, ndipo akatia saini.

Siku tatu baada ya mpira ule alinipigia simu. Hakusalimia.

"Maziwa yameshuka nimekaa," alisema. "Nimekaa, kijana! Kwenye kigoda."

Mawingu ya vuli yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa Pugu. Nikamsihi amweleze jirani yake habari yote. Alikataa. Alisema mtu mwenye ng'ombe akisikika mgonjwa, ndugu wanaanza kugawana akiwa hai. Angekwenda kula, basi. Chakula kitajieleza kikishuka.

Akatuma ujumbe kwa mwenyekiti kwamba yuko tayari kualikwa tena. Yule mama alikubali kwa shingo upande, na alichagua chakula kilekile, kuku wa nazi na ugali wa muhogo, mgumu, ule ambao hautafunwi, unamezwa. Mwenyekiti alikaa mlangoni. Mimi na dokta tulialikwa kwa sababu sote wawili tulikuwa tumeshakuwa watu wa kula pale.

Dokta alipouona ugali ule alinitupia jicho. Alikuwa amemwambia mzee aanze na vyakula laini. Lakini hakuwa na la kusema bila kusema yote.

Nilijaza punje mfuko wa shati. Tonge la kwanza likashuka kwa maji kidogo. La pili. La tatu akalisindikiza na mchuzi, na mume akaanza kuzungumzia mvua kwa furaha ya mtu aliyeona mambo yanakwenda. La nne. La tano likakwama. Nilijua kabla yao, kwa vile mabega yalivyopanda. Mzee akanywa maji, akangoja, akanywa tena. Akainuka.

Mama alikunja mikono kifuani. Sote, nikiwemo mimi, tulitazama upande wa banda la kuku, na kuku wenyewe wakatutazama.

Mzee alikwenda hatua mbili kuelekea huko. Akasimama. Akanyoosha mgongo, akainua mabega kama anavyofanya akizunguka zizi, na akageuka mbele yetu wote. Tulingoja. Uso wake ulikuwa unavuja jasho. Kisha nikaona koo likitulia, akavuta pumzi ndefu.

"Mama," alisema, "siku ile sikukitema chakula chako kwa kukudhania. Kilikataa kushuka. Huku ndani nina mlango mbovu, umepanuliwa juzi hospitali, bado unasumbua. Nimeshindwa kumeza mwaka wa tatu huu."

"Mbona hukusema?"

"Mwanaume mzima atasemaje kwamba hawezi kumeza?"

"Si hivyohivyo ulivyosema sasa hivi!" Alikuwa ameshainuka, ameshika kanga yake kwa hasira, ila hasira imebadilika mwelekeo. "Miaka mitatu! Na mimi nikakusongea ugali wa kujengea ukuta! Ngojeni hapo. Msimpe kitu."

Aliingia jikoni. Tulisikia vyombo. Alitoka na bakuli la mlenda, wa kijani, bado unatoa moshi, ukivutika kutoka kwenye upawa kama uzi usiokatika. Akauweka mbele ya mgeni.

Mzee aliutazama. "Hayo si majani? Majani ni ya ng'ombe."

"Basi leo kula kama ng'ombe wako. Wao mbona wanameza?"

Mumewe alicheka mpaka akapaliwa, na mwenyekiti ikabidi ampige mgongoni. Mzee aliketi, akamega tonge dogo, akalizungusha kwenye mlenda, akalitia kinywani kwa uso wa mtu anayekunywa dawa. Likateleza. Akaweka mkono kifuani, anasikiliza. Akamega jingine.

Mume alingoja mpaka mikono iliponawiwa. "Kesho wapitishe asubuhi," alimwambia mzee. "Ila wa mbele umshike kamba. Yule mwekundu anaipenda mihogo yangu."

Tulikuwa tunaaga wakati dokta aliponiuliza kwa sauti ya chini mzee alikunywa maji mara ngapi. Nikapapasa mifuko. Punje zote zilikuwa bado kwenye shati, hakuna hata moja iliyohama. Nilikuwa nataka kujitetea, lakini yule mama alitukatiza. Alikuwa amesimama karibu na pikipiki, kibonge cha magadi mkononi, hajakitia mdomoni.

"Dokta," alisema, na safari hii sauti yake haikuvuka hata uzio. "Huo mlango. Unaweza na kukataa kufunga?"

Dokta alishusha begi mgongoni, akatafuta karatasi yenye majibu ya mama ya siku ile ya kwanza, akaipata. Akakata neno *hapana* kwa mstari mmoja, akaketi tena kwenye mkeka.